Soka, wavu, pete au kikapu: upi wa kucheza na upi wa kutazama?

Jumamosi moja ya Julai, kwenye bonanza la wafanyakazi lililofanyika Njiro, jijini Arusha, nilicheza soka kwa dakika 40 nikiwa beki wa kulia, na kwa kuwa nilikuwa na shaka ya muda mrefu niliyotaka kuithibitisha, nilihesabu kila mara nilipougusa mpira. Niliugusa mara tisa, na mbili kati ya hizo nilikuwa narusha mpira uliotoka nje. Alasiri ya siku hiyo hiyo timu ya mpira wa wavu ilipungukiwa na mtu mmoja, nikaingizwa, na kabla seti ya kwanza haijafika pointi ya kumi nilikuwa nimekwisha kuugusa mpira zaidi ya mara tisa. Nilirudi nyumbani mikono ikiwaka moto kuanzia kwenye kiganja hadi karibu na kiwiko, nikiwa na furaha ambayo soka halijanipa kwa miaka mingi, ingawa ni soka hilo hilo ninalolilipia kiingilio na ninalosafiri hadi Dar es Salaam kulitazama.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitazama michezo ya timu kwa maswali mawili yaliyotengana. Katika mji huu, mtu akisema anapenda michezo mara nyingi huwa anamaanisha kwamba ana timu anayoishabikia, na akitaka kuanza mazoezi hununua njumu kwanza, kwa sababu anadhani mchezo anaoupenda kuutazama ndio utakaomfaa kuucheza. Naamini hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa kuwa kanuni za mchezo zenyewe hupendelea upande mmoja. Anayecheza anahitaji mpira umfikie mara kwa mara. Anayetazama anahitaji kila tukio liwe na uzito, na uzito huo huletwa na uhaba. Mchezo unaogawa mpira kwa wingi humfurahisha aliye ndani ya mistari, na mchezo unaobania mabao humshika aliye nje. Ninayemwandikia hapa ni mtu mzima mwenye saa mbili au tatu za nafasi kwa wiki. Kijana mwenye kipaji cha kufika ligi kuu ana hesabu zake nyingine.

Tuanze na soka, kwa kuwa ndilo lenye watu. Mechi rasmi ni dakika 90, lakini ukiondoa kona, mipira ya kurushwa, majeruhi na malalamiko kwa mwamuzi, mpira huwa mchezoni kwa takribani saa moja, mara nyingi pungufu. Gawanya dakika 60 kwa wachezaji 22, kisha ukumbuke kwamba sehemu ya muda huo mpira uko hewani au unaviringika kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, na utaona kwamba kwa wastani kila mchezaji hukaa nao mguuni chini ya dakika tatu. Muda uliobaki ni wa kukimbilia nafasi, kukaba, kurudi nyuma na kusubiri. Mchezaji aliyefundishwa hupata raha katika kukaba na kujipanga kwenyewe, na raha hiyo ninaiheshimu, lakini haimfikii mtu anayecheza mara moja kwa wiki. Kwenye mechi zetu za mtaani hali huwa nzito zaidi, kwa sababu hakuna anayetaka kumwambia mwenzake akae nje, hivyo timu hufika watu 14 kila upande, na wale wawili watatu wenye miguu myepesi huzungusha mpira wao kwa wao huku wengine wakikimbia vumbini bila mpira.

Lakini uhaba huo huo unaomnyima mchezaji ndio unaomfunga mtazamaji kwenye kiti. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, kipa anaruhusiwa kutumia mikono, uwanja ni mkubwa, na wote wengine wanatumia miguu, kiungo ambacho binadamu hakukizoea kwa kazi ya ustadi. Ndiyo maana bao moja linaweza kupatikana dakika ya tano na likabaki hilo hilo hadi mwisho, na kila krosi katika dakika 85 zinazofuata ikawa na uwezo wa kubadili kila kitu. Ingia kwenye kibanda umiza chochote siku ya Simba na Yanga, lipa kiingilio chako, kisha usiitazame skrini, utazame watu. Utaona safu nzima ya benchi ikiinuka mpira ukiwa bado kwa winga, kabla krosi haijapigwa, kwa sababu wote wamekwisha kuona nafasi inayofunguka. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, hivyo kuna familia hapa mjini ambazo ushabiki umeshuka kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu, na mechi moja ya dakika 90 hubeba mabishano ya meza nzima ya chakula. Hakuna mchezo mwingine nchini wenye akiba ya namna hiyo.

Ukipata nafasi, litazame soka uwanjani badala ya kwenye runinga. Kamera hufuata mpira. Jicho lako linaweza kufuata mstari wa mabeki wanavyopanda pamoja kumtegea mshambuliaji aotee, au kiungo mkabaji anavyoangalia nyuma mara mbili kabla ya kupokea pasi. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid uko katikati ya jiji la Arusha, na wa Ushirika mjini Moshi ulikuwa na mechi za Ligi Kuu tangu Polisi Tanzania ilipopanda mwaka 2019 hadi iliposhuka mwaka 2023. Mbele yetu kuna Mataifa ya Afrika ya 2027, yatakayoandaliwa kwa pamoja na Tanzania, Kenya na Uganda, ambayo kwa ajili yake Arusha ilipangiwa uwanja mpya wa watazamaji 30,000. Kwa mkazi wa kaskazini anayependa kutazama, sioni mchezo unaoweza kushindana na soka.

Asiyeweza kuishi bila kulicheza afanye jambo moja: apunguze watu. Soka la watano kwa watano kwenye uwanja mdogo, lenye magoli madogo yasiyo na kipa wa kudumu, hubadilisha hesabu yote niliyoifanya hapo juu, kwa kuwa kila mmoja huguswa na mchezo karibu kila nusu dakika. Hata hivyo magoti na vifundo hubaki hatarini, na baada ya miaka 40 hilo si jambo dogo.

Mpira wa wavu ndio ninaoutetea kwa moyo wote upande wa kucheza. Kanuni inasema timu ina miguso mitatu tu kabla ya kuuvusha mpira, na mtu mmoja haruhusiwi kuugusa mara mbili mfululizo, isipokuwa mguso wa kwanza ulikuwa wa kuzuia kwenye wavu. Kwa hiyo shambulio lililojengwa halikamiliki bila watu wawili, na kwa kawaida ni watatu: mmoja anapokea, seta anauinua, wa tatu anapiga smashi. Pia, kila timu inapojipatia haki ya kuanzisha mpira, wachezaji wote sita huzunguka nafasi moja, jambo ambalo humleta mbele aliyekuwa nyuma na kumrudisha nyuma aliyekuwa akipiga. Hakuna mahali pa kumficha mtu, na hakuna namna ya nyota mmoja kuuhodhi mpira, kwa sababu sheria yenyewe inamnyang'anya baada ya mguso mmoja. Sijui mchezo mwingine wa timu unaolazimisha kugawana kwa kiwango hicho cha ukali.

Faida ya pili ni kwamba wavu wenyewe hutenganisha timu, hivyo hakuna kukwaana kifua kwa kifua, na watu wasiolingana wanaweza kucheza pamoja. Katika kikundi chetu kuna wasichana waliotoka chuo juzi, kuna akina baba wa makamo, na kuna mzee mmoja wa stoo anayekaribia kustaafu, ambaye vijana humwamkia shikamoo kwanza ndipo wampe mpira aanzishe. Haruki tena, lakini mpira wake wa kuanzisha hupigwa kwa mkono wa chini, hupanda polepole, kisha huangukia kwenye pembe ya nyuma ambako hakuna mtu. Tumemwona akiondoka na pointi nne mfululizo kwa mtindo huo. Wavu wa wanaume hufungwa kwenye kimo cha mita 2.43 na wa wanawake mita 2.24; sisi, kwa kuwa tumechanganyika, huufunga katikati ya vimo hivyo, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Sitaficha udhaifu wake. Wachezaji wakiwa wote wapya, mpira huanzishwa, haupokeleki, unaokotwa, unaanzishwa tena, na nusu saa hupita bila majibizano hata mamoja ya maana. Kikundi kinahitaji mwezi mmoja wa uvumilivu, ikiwezekana kwa kukubaliana kwamba hakuna kuanzisha kwa nguvu mpaka watu wajifunze kupokea kwa mikono miwili iliyonyooka. Wanaokata tamaa hukata katika mwezi huo.

Kuutazama ni habari nyingine. Kila mpira unaoanzishwa huzaa pointi, seti huenda hadi 25 na mechi inaweza kufika seti tano, kwa hiyo pointi ya tatu na ya nane hufanana, na mtazamaji asiye na ndugu uwanjani huanza kuongea na jirani yake. Mechi huamka ikifika 23 kwa 23, kwa sababu mshindi lazima aongoze kwa tofauti ya pointi mbili, na hapo inaweza kwenda 26, 28, hata 30. Ukitaka kuufaidi kabla ya hapo, kaa nyuma ya mstari wa mwisho, si ubavuni, na macho yako yawe kwenye viganja vya seta. Yeye ndiye anayeamua mpira uende kushoto, kulia au nyuma ya kichwa chake, na kazi yake kubwa ni kuwadanganya wazuiaji hadi sekunde ya mwisho. Aliyewahi kucheza huliona hilo mara moja. Asiyecheza huona mpira ukipanda na kushuka.

Mpira wa pete nilikuwa nimeuweka pembeni kwa miaka mingi, na nakiri kwamba niliukosea. Kwenye bonanza nililolitaja, nilikuwa nimesimama kwenye kivuli mbali na kiwanja, na dada mmoja wa idara yetu anayecheza senta alinifuata wakati wa mapumziko akaniambia, "Kaka, ukisimama huko utaona tunakimbizana tu. Njoo kwenye mstari." Nilisogea, na nikaona mchezo mwingine kabisa. Mwenye mpira hana ruhusa ya kutembea nao wala kuudunda akikimbia, na ana sekunde tatu tu za kuutoa, kwa hiyo wakati wote kuna watu sita wa timu yake wanaojaribu kumkimbia mlinzi kwa hatua mbili fupi, kugeuka, kunyoosha mkono na kuomba. Kwa mbali huo ni msongamano. Kwa karibu unasikia viatu vikikwama kwenye sakafu, unasikia senta akitaja jina, na unaona pasi ikitoka kabla aliyetajwa hajageuka.

Kisha mpira hufika kwenye nusu duara, na hapo kila kitu hutulia. Ni watu wawili tu wa kila timu wanaoruhusiwa kufunga. Pete iko mita 3.05 juu ya ardhi na haina ubao nyuma yake, kwa hiyo mpira hauna kitu cha kuuegemea ukipitiliza. Mlinzi lazima asimame umbali wa sentimita 90 kutoka kwa mfungaji, na kwa kuwa hawezi kusogea, hujiinamisha mbele kwa mguu mmoja, mkono umenyooshwa, vidole vikitetemeka karibu na mpira. Mfungaji ameuinua juu ya kichwa, amekunja magoti kidogo, anahema. Katika hizo sekunde tatu uwanja mzima hunyamaza. Kwa mvuto wa kutazama, nauweka mpira wa pete mara baada ya soka, kwa sharti moja tu: uwe karibu na mstari. Naumia kuona kwamba kwenye mabonanza yetu mengi hupangiwa kona ya uwanja isiyo na mistari inayoonekana, saa ile ile ya fainali ya soka, halafu watu husema hauna mashabiki.

Kwa anayecheza, pete hugawa mpira vizuri lakini haigawi sawasawa. Kila mchezaji ana eneo lake, na senta hupita karibu kote ilhali mlinda goli na mfungaji hubaki katika theluthi moja ya uwanja. Timu yako ikizidiwa, mfungaji anaweza kukaa robo nzima ya dakika 15 akisubiri mpira usiofika. Aidha, kule kusimama ghafla baada ya kudaka huyabana magoti na vifundo, hivyo viatu vyenye soli nzuri si anasa. Pamoja na hayo, dada yeyote aliyeucheza shuleni hurudiwa na mikono yake ndani ya wiki mbili, na kwa kundi la wanawake wanaotaka kuanza mazoezi kesho, ningeupendekeza mbele ya wavu, kwa kuwa ule mwezi wa mateso ya kujifunza haupo.

Mpira wa kikapu una sifa ya kuwa mtamu kuucheza kwa kila mtu anayepata mpira, na mchungu kwa asiyepata. Kanuni zake zinaruhusu mtu mmoja kuudunda kutoka mwanzo hadi mwisho ndani ya sekunde 24 za shambulio, na katika kila kikundi yupo anayefanya hivyo. Nimecheza jioni nzima kwenye uwanja wa saruji pamoja na kijana mmoja mwenye uwezo mkubwa, na watatu kati yetu tuliondoka tukiwa tumechoka kwa kukimbia mbele na nyuma tu. Dawa yake ni ile ile ya soka: watatu kwa watatu kwenye kikapu kimoja. Mtindo huo umeingia Olimpiki tangu michezo ya Tokyo, mechi yake ni dakika kumi au pointi 21, na watu sita wanatosha. Kwa vijana wa chini ya miaka 30 wenye mpira mmoja na muda mfupi, sijaona kitu kinachoshinda huo. Urefu husaidia, lakini katika ngazi ya mtaa pasi ya haraka husaidia zaidi.

Kuutazama kikapu kunategemea uvumilivu wako kwa wingi wa pointi. Timu zinapofunga mara kwa mara, kikapu kimoja cha robo ya kwanza hakina uzito, na uzito wote hujikusanya katika dakika mbili za mwisho. Mtu mwenye haraka angeweza kuanza kutazama hapo asipoteze mengi. Ligi ya Marekani ilipata wafuasi wengi hapa nchini mwaka 2009, Hasheem Thabeet alipochaguliwa na Memphis Grizzlies akiwa wa pili katika orodha nzima ya mwaka huo, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Lakini mechi zake za jioni ya Marekani hutufikia saa nane au saa tisa usiku, na mwenye kazi asubuhi atabaki na vipande vya marudio.

Mingine nitaipitia kwa haraka. Mpira wa mikono una mabao mengi na kasi, wanafunzi wanaufahamu, ila ukishamaliza shule ni vigumu kupata kikundi. Raga ni ya kutazama kwa mtindo wa wachezaji saba, ambapo kila kipindi ni dakika saba tu; anayeishi Arusha anaweza kupanda basi la asubuhi kupitia Namanga na kwenda kuona Safari Sevens jijini Nairobi, mashindano yaliyoanza mwaka 1996. Kriketi ina kusubiri kwingi kwa mchezaji kuliko hata soka. Mpira wa magongo uliwahi kuipeleka Tanzania Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, lakini leo vifaa vyake haviokotwi kirahisi. Na kuna kuvuta kamba, ambako watu huchukulia kama kichekesho cha bonanza ingawa kuliwahi kuwa mchezo wa Olimpiki kuanzia 1900 hadi 1920: hakuna anayesubiri mpira, wote wanane wanavuta kwa wakati mmoja, na mtazamaji anaona mshindi kwa macho yake, sentimita kwa sentimita. Kama kungedumu zaidi ya dakika mbili tatu, ulinganisho huu wote ungeandikwa upya.

Hali ya hewa nayo ina kauli yake. Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mgeni kutoka Tanga au Dar es Salaam akiingia kwenye soka la uwanja mzima wiki yake ya kwanza atapumua kwa shida. Kwenye wavu, ambako mbio ni fupi, hatahangaika sana. Moshi iko chini zaidi na joto la Januari na Februari huko huwafanya watu wacheze alfajiri au jioni. Masika yakianza Machi, viwanja vya udongo mweusi hushika tope kwa siku kadhaa baada ya mvua moja, wakati uwanja wa saruji wa kikapu au pete hukauka jua likiwaka saa moja tu. Kikundi kinachotaka kucheza mwaka mzima bila kukatika kitafute saruji kwanza, kisha ndipo kiamue mchezo.

Kwa hiyo, kama ungekuwa umekaa nami ukiniuliza ufanye nini, ningekwambia ucheze wavu kama mko wengi wa rika mchanganyiko, pete kama ni akina dada wanaotaka kuanza mara moja, kikapu cha watatu kama ni vijana wachache, na soka la watano kama moyo hauwezi kuliacha. Na kwa kutazama, soka uwanjani kwanza, pete kando ya mstari inayofuata. Yote mawili yanatosha ndani ya siku moja. Sisi hufunga wavu saa tatu asubuhi, umande ukiwa umekauka na upepo bado haujaanza kuupeperusha mpira. Ikifika saa sita tumemaliza seti tano, na anayetaka ana muda wa kuoga, kula na kushuka mjini kabla ya mechi ya saa kumi.